Kuharisha kumeisha, tumbo bado halijatulia: vimelea vya chakula vinawafanya nini bakteria wenyeji wa utumbo?

#1 MpimaMaabara (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mada za kuugua kwa sababu ya chakula zikiletwa humu, maswali huwa yale yale: kaambukizwa nini, atumie dawa gani, itaisha lini. Tunamzungumzia mgonjwa na kimelea chake, kisha mjadala unafungwa. Leo nataka tumzungumzie wa tatu ambaye hatajwi: ile halaiki ya bakteria waliokuwa wakiishi utumboni kwa amani kabla mgeni hajaingia. Kwa maoni yangu hao ndio wanaoumizwa zaidi, na ndio wenye kauli ya mwisho kama mgeni atakaa au ataondoka. Kazi yangu ni maabara, kuotesha vimelea kutoka kwenye choo cha wagonjwa, na jambo hili linanigusa sana. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanampa mtu mzima bakteria takribani trilioni 38, wengi kidogo kuliko seli zake mwenyewe ambazo ni kama trilioni 30. Karibu wote wako kwenye utumbo mpana, na uzito wao kwa jumla ni kama gramu 200. Jamii hii ndiyo wataalamu wanaiita mikrobiota. Wengi wao hawaivumilii oksijeni. Wakitolewa nje penye hewa wanakufa, ndiyo maana maabara nyingi za hospitali hazijawahi kuwaona wakiota kwenye sahani zake.

Wanafanya nini humo? Wanachachusha nyuzinyuzi na wanga uliotushinda kumeng'enya, na kutoka humo wanatengeneza asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo zikiichoma zinatumia oksijeni inayoletwa na damu, kiasi kwamba haibaki ya kuvuja kuingia ndani ya utumbo. Hilo la oksijeni lishikeni, tutalihitaji mbele.

Halafu kuna ulinzi. Mwaka 1954 Marjorie Bohnhoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa panya antibiotiki ya streptomaisini, kisha wakawalisha Salmonela, bakteria anayeleta kuharisha kupitia chakula. Panya ambao hawakuguswa na dawa walihitaji kulishwa bakteria kama 100,000 ndipo nusu yao waambukizwe. Kwa wale waliopewa dawa, bakteria chini ya 10 walitosha. Panya ni wale wale, kimelea ni kile kile. Kilichoondolewa ni wenyeji tu.

Sasa swali lililonifanya niandike: kama wenyeji wana nguvu kiasi hicho, Salmonela anapitaje kwa mtu ambaye hajanywa dawa yoyote?

Hapa niwapeleke maabara kidogo. Choo cha mgonjwa kikiletwa, Salmonela mara nyingi ni wachache mno katikati ya bakteria wengine, ukiwatafuta moja kwa moja hutawaona. Kwa hiyo tunachukua kidogo tunakitia kwenye mchuzi maalumu. Ni mchuzi wenye unga mweupe wa chokaa uliotuama chini ya chupa, na kabla ya kuutumia unaongezewa iodini, ukawa na rangi ya kahawia. Iodini ikikutana na thiosalfeti iliyomo, inatengeneza kemikali iitwayo tetrathioneti. Unaacha kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi unapaka kwenye sahani nyekundu ya XLD (chakula cha kuoteshea bakteria), na kesho yake unaona makoloni yenye kitovu cheusi tii: Salmonela wamejaa, wengine wamebaki nyuma. Mbinu hii ilianza mwaka 1923 na bado inatumika. Kwa miongo mingi tulijua inafanya kazi, basi.

Mwaka 2010 kundi la Andreas Bäumler wa Chuo Kikuu cha California, Davis, likachapisha jambo ambalo nilipolisoma nilisimama. Utumbo ulioambukizwa Salmonela unatengeneza tetrathioneti yenyewe! Mtiririko wake uko hivi. Bakteria wenyeji hutoa gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo ukuta wa utumbo huigeuza kuwa thiosalfeti. Salmonela akifika anauchokoza ukuta kwa sindano zake za protini mpaka kinga ya mwili inawaka: chembe nyeupe za damu zinamiminika ndani ya utumbo na kumwaga kemikali kali za oksijeni ili kuua. Kemikali hizo zikigusa thiosalfeti, tetrathioneti inapatikana. Na Salmonela ana jeni za kuivuta tetrathioneti kama sisi tunavyovuta oksijeni. Wenyeji waliozoea kuishi kwa kuchachusha hawana uwezo huo.

Kwa hiyo ule uvimbe na homa ambavyo tunavichukulia kuwa ni mwili kujitetea, ndivyo vinavyompa kimelea pumzi. Anakuja akijua kuchokoza, na uchokozi ndio ulaji wake.

Nakaribisha maswali kabla sijaendelea.

#2 Hoja Nzito

Mkuu asante, umenifungua macho. Kwa hiyo hapa ni vita vya panzi, furaha ya kunguru? Halafu swali: mimi nimekua nikiambiwa kuharisha ni mwili unajisafisha. Je, kule kujisafisha hakumwondoi Salmonela?

#3 MpimaMaabara

@Hoja Nzito umeniwahi, ila hapa kunguru ndiye aliyewagombanisha panzi.

Kuharisha kunaondoa vimelea, ni kweli. Lakini kunaondoa na wenyeji. Maji mengi yakipita kwa kasi, ute unaoufunika ukuta unapungua, chakula cha wenyeji hakikai muda wa kutosha kuchachushwa, na wale wanaogawanyika polepole wanasombwa kabla hawajajaza nafasi zao. Anayegawanyika haraka ndiye anayefaidi mazingira ya namna hiyo, na Salmonela na jamaa zake wa ukoo wa E. coli (bakteria wa kawaida wa utumbo, ingawa baadhi ya aina zake ni wabaya) ni wepesi mno wa kuzaana.

Halafu linakuja lile la oksijeni. Miongoni mwa wanaopungua mapema ni bakteria wa kundi la Klostridia, na hao ndio watengenezaji wakubwa wa butireti. (Msiogope jina. Wengi wa kundi hili ni wema, ingawa wana ndugu wachache wabaya.) Butireti ikipungua, seli za ukuta zinabadili namna ya kupata nguvu, zinatumia sukari bila kuhitaji oksijeni nyingi. Ile oksijeni iliyokuwa ikiishia ukutani sasa inavuja ndani. Kwa wenyeji wasiovumilia hewa hayo ni maafa. Kwa Salmonela ni neema ya pili juu ya tetrathioneti. Utafiti wa jambo hili ulichapishwa mwaka 2016, ukitumia panya.

Kuna la tatu la haraka. Mwili ukishambuliwa huficha madini ya chuma ili bakteria wakose. Chembe nyeupe hutoa protini inayokamata zile ndoano ambazo bakteria hutumia kuvuta chuma. Salmonela ndoano yake ameivika sukari, haikamatiki. E. coli wengi wa kawaida wanabaki na njaa, yeye anakula.

#4 Kisima

Nimesoma yote kwa makini. Hongera kwa maelezo, lakini naomba nikubane. Karibu kila ulichotaja ni panya. Panya hao wengi hupewa kwanza antibiotiki ndipo waugue tumbo, maana wakiachwa walivyo Salmonela huwaletea ugonjwa wa mwili mzima unaofanana na taifodi badala ya kuharisha. Binadamu je? Una ushahidi gani kwamba mtu akiugua kwa chakula bakteria wake wa tumbo wanabadilika kweli, na kwamba si kitu cha siku tatu kikaisha?

#5 MpimaMaabara

@Kisima swali zuri na la haki kabisa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa watu wawili tu. Mwaka 2014 Lawrence David, Eric Alm na wenzao walichapisha kazi ya kufuatilia bakteria wa tumbo wa watu wawili karibu kila siku kwa mwaka mmoja, pamoja na walichokula, walivyolala, walikokwenda. Mmoja alisafiri kutoka Marekani kwenda kuishi Kusini-Mashariki mwa Asia kwa muda. Bakteria wake walibadilika sana huko, aliporudi nyumbani nao wakarudi walivyokuwa. Wa pili hakwenda popote, ila katikati ya mwaka aliugua Salmonela kutokana na chakula. Kwake mambo hayakurudi. Aina nyingi za bakteria aliokuwa nao kabla ya ugonjwa zilishuka na kubaki chini mpaka ufuatiliaji unaisha, na nafasi zao zikachukuliwa na aina nyingine za karibu kiukoo.

Hebu litafakarini hilo. Kubadili bara, chakula na maji hakukuwa na nguvu ya kuiondoa jamii ile moja kwa moja. Ugonjwa mmoja wa chakula ulikuwa nayo. Ni mtu mmoja, nakubali, na yeye mwenyewe alipona vizuri. Hao waliochukua nafasi walifanya kazi inayofanana. Lakini faida ya kumfuatilia mtu kabla ya kuugua ni kubwa, kwa sababu tafiti nyingi humkuta mgonjwa akiwa tayari kitandani, hakuna wa kujua alikuwaje jana.

Kwa wagonjwa wengi zaidi, kuna kazi ya jimbo la Michigan iliyochapishwa mwaka 2015. Walichukua choo cha wagonjwa wa Salmonela, Kampilobakta, Shigela na E. coli wa sumu ya Shiga (aina ya E. coli inayotoa sumu kali), wote bakteria wa kuharisha, wakalinganisha na watu wenye afya. Vimelea ni vinne tofauti, lakini picha ya jumla ilifanana: kundi la Proteobakteria, ambalo E. coli yumo, limepanda. Waliochukuliwa tena baada ya kupona walionekana wakielekea kurudi kwenye hali ya watu wenye afya. Kwa hiyo wengi hurudi au hukaribia kurudi. Hilo nalisema kwa uzito ule ule, sitaki mtu aondoke hapa na hofu isiyo na msingi.

Na kuna upande wa pili, kabla ya ugonjwa. Sweden walifuatilia wafanyakazi wa machinjio ya kuku, watu ambao kila siku wanagusana na Kampilobakta. Kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2014, waliokuja kuambukizwa walikuwa, hata kabla ya maambukizi, na bakteria wa Bacteroides na Escherichia (jenasi ya E. coli) wengi zaidi kuliko wenzao walionusurika. Wanasimama sehemu moja, wanakutana na kimelea kimoja, lakini matumbo yao hayakuwa na wenyeji sawa.

#6 Kisima

Nimeridhika na la yule wa mwaka mzima. Endelea mkuu.

#7 Mama Wawili

Jamani naomba nichangie, maana hili limenikuta. Niliugua tumbo vibaya, nikapimwa choo wakakuta Kampilobakta. Homa ikaisha, damu kwenye choo ikaisha, nikaambiwa nimepona. Lakini tangu hapo tumbo langu si lile. Linajaa gesi, likisokota ni lazima nikimbie chooni, wiki nyingine naharisha, wiki nyingine nimefunga kabisa. Nikapima tena, hakuna kimelea. Kila ninayemweleza ananiambia ni mawazo. Kaka, je, hii inaweza kuwa ndiyo hayo unayoyasema?

#8 MpimaMaabara

Pole sana dada yangu. Hayo si mawazo tu, na asikuambie mtu hivyo tena.

Hali unayoieleza inajulikana vizuri: utumbo wenye hasira unaoanza baada ya maambukizi. Ukijumlisha tafiti zilizofanyika sehemu mbalimbali, karibu mtu 1 kati ya 10 walioambukizwa tumbo huipata ndani ya mwaka mmoja. Wanawake huipata zaidi kuliko wanaume, na waliougua kwa ukali au kwa siku nyingi huipata zaidi kuliko walioguswa kidogo. Kampilobakta ni mmoja wa wanaotajwa sana.

Mfano uliofuatiliwa kwa muda mrefu ni wa mji wa Walkerton, Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 maji ya mji yaliingiwa na E. coli O157:H7 (mmoja wa wale wa sumu ya Shiga) na Kampilobakta. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafariki. Yale yalikuwa maji na si chakula, lakini vimelea ni hawa hawa wanaokuja na nyama na maziwa. Watafiti waliwafuata wakazi kwa miaka 8. Kwa waliougua, kama 28 kati ya 100 walikuwa na utumbo wenye hasira miaka 2 hadi 3 baadaye. Ilipofika mwaka wa 8 walikuwa wamepungua hadi kama 15. Kwa wasiougua ni kama 5. Kwa hiyo wengi hupata nafuu kadiri muda unavyokwenda, ingawa si kwa haraka ambayo mtu angeipenda.

Kwa nini inatokea? Mikrobiota iliyobadilika ni sehemu ya maelezo, haiyamalizi yote. Utumbo una mishipa ya fahamu mingi, na baada ya uvimbe mkali mishipa hiyo hubaki nyepesi kushtuka. Gesi ya kawaida ambayo zamani usingeisikia sasa inauma. Ukuta hubaki unavuja kidogo na chembe za kinga hubaki zimekaa karibu na mishipa hiyo. Wenyeji wakiwa wamebadilika, gesi na asidi wanazotoa zinabadilika pia. Yote haya yanasukumana.

Ombi langu: nenda kwa daktari, mweleze kwamba ilianza baada ya Kampilobakta iliyothibitishwa. Sentensi hiyo moja itambadilishia namna ya kukuangalia.

#9 Nesi wa Zamu

Naunga mkono hapo, na niongeze kutoka wodini. Mama Wawili, ukiona unapungua uzito bila kujua sababu, damu kwenye choo, homa, upungufu wa damu, au tumbo linakuamsha usiku wa manane, usikae na jina la utumbo wenye hasira. Hizo ni dalili za kutafutiwa kitu kingine. Na yeyote ambaye baada ya kuharisha anaanza kusikia ganzi au udhaifu unaopanda kutoka miguuni, akimbie hospitali siku hiyo hiyo; Kampilobakta mara chache huamsha kinga ikashambulia mishipa ya fahamu.

Sasa mleta uzi, naomba uiseme antibiotiki waziwazi. Kila siku nakutana na watu wameanza kumeza wenyewe kwa kuhara siku moja.

#10 MpimaMaabara

@Nesi wa Zamu ahsante. Naandika upande wa maabara, wewe uniongezee upande wa kitanda.

Kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri aliyepata Salmonela wa kawaida wa chakula, asiye taifodi, antibiotiki kwa kawaida hazipendekezwi. Hazifupishi ugonjwa kwa kiasi cha maana. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1969 ilionekana kwamba waliotibiwa waliendelea kutoa Salmonela kwenye choo kwa muda mrefu kuliko wasiotibiwa. Ukikumbuka panya wa Chicago hutashangaa: dawa inawapunguza wenyeji ambao ndio wangemfukuza.

Kwa E. coli wa sumu ya Shiga hatari ni nyingine. Jeni ya sumu imebebwa na kirusi kilicholala ndani ya bakteria. Baadhi ya dawa humshtua bakteria, kirusi kinaamka, sumu inatengenezwa kwa wingi, na figo zinaweza kufeli, hasa za watoto. Ndiyo maana choo chenye damu kinatakiwa kupimwa kabla mtu hajaandikiwa dawa.

Halafu usugu. Utumbo uliovimba ni mahali ambapo Salmonela na E. coli wanajaa pamoja, wamesongamana, na hapo wanapeana vipande vya jeni kwa kasi; hili limeonyeshwa kwa panya mwaka 2012. Kwa watu, Finland waliwafuatilia wasafiri 430 waliokwenda nchi za joto. Ambao hawakuharisha wala kunywa antibiotiki, 11 kati ya 100 walirudi na bakteria wa utumbo sugu kwa dawa zenye nguvu. Walioharisha bila kunywa dawa, 21. Walioharisha na kunywa dawa, 37. Kuharisha peke yake kulifungua mlango, dawa ikaupanua.

#11 Nesi wa Zamu

Vizuri. Naongeza ili asije mtu akasoma nusu akamnyima mgonjwa dawa anayoihitaji: taifodi inatibiwa kwa antibiotiki. Kuhara damu kwa Shigela na homa kali, inatibiwa. Kipindupindu kikali, maji kwanza, na dawa inasaidia kufupisha. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3, mzee, mwenye selimundu, mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, aliye kwenye matibabu ya saratani: hao Salmonela anaweza kuingia kwenye damu, kwa hiyo daktari ataamua kutibu. Linalokatazwa ni kujinunulia na kumeza kwa kubahatisha.

Na kwa wote, maji yenye chumvi na sukari, yaani ORS. Watoto na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula na 420,000 hufariki, 125,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Katika kuhara, upungufu wa maji ndio unaowaua watoto wengi.

#12 Hoja Nzito

Basi mtu akishaumwa si anunue zile probiotiki za vidonge, yaani bakteria hai wa kumeza, awarudishe wenyeji? Matangazo yake yako kila mahali.

#13 MpimaMaabara

@Hoja Nzito natamani ingekuwa rahisi hivyo.

Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya watoto wenye kuhara kwa ghafla, moja Marekani lenye watoto 971, jingine Kanada lenye watoto 886. Nusu walipewa probiotiki za Laktobasili, nusu kitu kisicho na dawa, na hakuna aliyejua kapewa nini. Matokeo: hakukuwa na tofauti ya maana. Waliharisha siku zile zile.

Mwaka huo huo watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waliwapa watu wenye afya antibiotiki kwa wiki moja kisha wakawagawa. Walioachwa bila kitu, wenyeji wao walirudi taratibu. Waliopewa mchanganyiko wa probiotiki, wenyeji wao walichelewa zaidi kurudi. Waliorudishiwa bakteria wao wenyewe, waliohifadhiwa kabla ya dawa, walirudi ndani ya siku chache. Hilo lilikuwa jaribio la antibiotiki, halikuwa la ugonjwa wa chakula, na lilitumia mchanganyiko mmoja tu, kwa hiyo tusilivute kupita kiasi. Lakini linatosha kunifanya nisimwambie mtu atoe fedha yake.

Bakteria wa kidonge kwa kawaida ni aina chache, nyingi za jamii ya maziwa ya mgando. Waliopotea ni mamia ya aina, wengi wao wasiovumilia hewa. Huyo wa kidonge hawezi kushika kazi ya hao.

#14 Mama Wawili

Sasa kaka, kama dawa hapana na vidonge hapana, mimi nile nini?

#15 Nesi wa Zamu

Niruhusu nijibu hili kwa habari moja inayonifurahisha. Vellore, India, walichukua wagonjwa wa kipindupindu wakawatibu kwa ORS. Kundi moja ORS yao ikaongezewa wanga ambao utumbo mwembamba hauwezi kuumeng'enya. Kundi hilo liliacha kuharisha mapema na kupoteza maji kidogo zaidi. Ilichapishwa mwaka 2000. Sababu ni wale wale wa uzi huu: wanga ulifika utumbo mpana, wenyeji waliobaki wakauchachusha, wakatoa asidi fupi za mafuta, na asidi hizo zinausaidia ukuta kufyonza chumvi, maji yakifuata chumvi. Yaani hata katikati ya kipindupindu, wenyeji wachache waliosalia walikuwa bado wanaweza kusaidia wakipewa chakula.

Kwa hiyo mgonjwa asifungishwe kula. Mara tu kutapika kukipungua, ale chakula chake cha kawaida kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa wewe ambaye ugonjwa ulishapita, nyuzinyuzi zirudi polepole, kwa sababu tumbo lenye hasira likijazwa maharage na mboga siku moja litakuadhibu kwa gesi. Anza na kiasi kidogo, ongeza kila baada ya siku kadhaa, na aina ziwe nyingi kuliko wingi wa kimoja.

#16 Kisima

Swali la haraka: vipi wale wanaokula saa sita mchana, saa tisa wanatapika, kesho wako kazini? Nao wameharibiwa mikrobiota? Na vimelea vingine vina ujanja huo huo wa Salmonela?

#17 MpimaMaabara

Hao wa saa chache mara nyingi wamekula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, kwa mfano ya bakteria aitwaye Stafilokokasi. Bakteria mwenyewe hata si lazima awe hai. Hakuna mtu anayekuja kugombea nafasi utumboni, kwa hiyo ni jambo tofauti na tunalolijadili.

Kuhusu wengine, kila mmoja na njia yake. Kimelea cha kipindupindu kina mkuki wa protini kinachowachoma nao bakteria wa jirani, E. coli wa kawaida wakiwemo. Baadhi ya Listeria (bakteria mwingine wa chakula), waliohusika na milipuko mingi, hutoa kemikali ya kuua bakteria wengine wakiwa utumboni. Ilionyeshwa mwaka 2016 kwa panya kwamba inabadilisha wenyeji na kumrahisishia kuingia mwilini. Shigela yeye anahitaji bakteria 10 hadi 100 tu kuambukiza, kwa sababu asidi ya tumbo haimtishi, na anaishi ndani ya seli za ukuta ambako hagombei sana na mtu.

#18 Hoja Nzito

La mwisho kutoka kwangu. Mimi napika kwa ajili ya watu wengi. Mtu akishaacha kuharisha, Salmonela ameondoka? Na nani hasa anayemmaliza, kinga ya mwili au hao wenyeji?

#19 MpimaMaabara

Hajaondoka. Kwa kawaida mtu huendelea kumtoa kwenye choo kwa kama wiki 5 baada ya kuugua, na watoto wa chini ya miaka 5 kama wiki 7. Wachache sana, karibu 1 kati ya 100, huendelea zaidi ya mwaka. Unajisikia mzima kabisa, unapika, na bado unaye.

Nani anayemmaliza ndiyo sehemu iliyonishangaza. Mwaka 2010 watafiti wa Zürich walitumia panya. Panya wenye kinga kamili na wenyeji kamili walimwondoa Salmonela utumboni. Panya wasioweza kutengeneza kingamwili, lakini wenye wenyeji, nao walimwondoa. Panya wenye kingamwili lakini wenye wenyeji wachache waliopungukiwa aina, walibaki naye. Walipowekewa wenyeji kamili kutoka kwa panya wengine, Salmonela akatoka. Kingamwili ziliwakinga wasiugue tena. Kumtoa kimelea ndani ya utumbo ilikuwa kazi ya wenyeji.

Kwa kazi yako ya kupika: usirudi jikoni mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha na kutapika kukome, na kama sheria ya kazi yako inataka choo kipimwe, kipimwe. Baada ya hapo ni mikono kwa sabuni na maji kila utokapo chooni, kwa wiki zote hizo, hata kama huhisi chochote. Na usijaribu kuharakisha kwa antibiotiki ili kipimo kitoke safi. Niliyaandika ya mwaka 1969 hapo #10.

#20 Mama Wawili

Asanteni wote. Kesho nakwenda kwa daktari, nitamwambia ile sentensi ya Kampilobakta. Nikipata majibu nitaleta mrejesho hapa hapa.